Picha ya CT ni safi, kichwa bado kinauma: je, binti adake Jumamosi?

Swali: Dokta, shikamoo. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu shule ya bweni hapa Morogoro, na ni golikipa wa timu ya shule. Siku kumi zilizopita alijirusha miguuni kwa straika, goti likampata ubavuni mwa kichwa. Hakuzimia. Walimmwagia maji akaendelea hadi mwisho, tena akaokoa mipira miwili. Usiku alitapika mara moja. Matroni akadhani ni malaria, akampa mseto. Kesho yake tulimpeleka hospitali, akapigwa picha ya CT, tukaambiwa iko safi, hana kitu. Lakini hadi leo akisoma nusu saa kichwa kinamuuma, mwanga na kelele za bwenini zinamkera, na amekuwa mtu wa hasira. Jumamosi wana mechi ya mchujo wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Mwalimu wa michezo anasema golikipa wa pili ni mtoto wa kidato cha kwanza, na hospitali imeshasema binti hana tatizo. Mwenyewe anataka kucheza. Nimruhusu?

Jibu: Marahaba, mama, na pole kwa siku kumi za wasiwasi. Nianze na Jumamosi maana siku zinakimbia: hapana, asicheze. Asikae hata benchi akiwa na jezi. Nimekaa kwenye mabenchi ya mechi za mchujo miaka mingi, najua yanayotokea. Golikipa mdogo akifungwa la pili, macho ya uwanja mzima yanamgeukia aliyekaa, na binti wa miaka 16 hawezi kuyahimili macho hayo. Kabla mwalimu hajafungua mdomo atakuwa ameshavaa glovu.

Sasa nikueleze sababu, kwa kuwa utaulizwa, na "dokta kakataa" peke yake haitakusaidia mbele ya timu nzima.

Alichopata binti yako kinaitwa mtikisiko wa ubongo. Fikiria daladala iliyojaa, abiria wamesimama wameshika bomba. Dereva anakata kona huku anafunga breki ghafla. Gari linasimama, abiria wanaendelea na safari: wanajipinda, mabega yanavutika, huyu anamwangukia yule. Ukishuka ukalizunguka gari, hulikuti na mkwaruzo. Fuvu ndilo gari. Ubongo ni laini na unaelea kwenye maji yake, kwa hiyo kichwa kikipigwa kikazunguka ghafla, ubongo unachelewa kidogo kulifuata fuvu, na nyuzi nyembamba za neva zinavutika. Ndiyo maana hata kikumbo kizito cha kifuani kinaweza kumtikisa mtu ubongo bila kichwa chake kuguswa.

Picha ya CT hukagua gari. Bodi imepinda? Kuna mafuta yanayovuja? Yaani fuvu limepasuka, au kuna damu inavuja ndani? Kwa maswali hayo picha hiyo ni nzuri sana, na mlifanya vyema kumpeleka, kwa sababu mtoto aliyegongwa kichwani kisha akatapika lazima aonwe na daktari. "Safi" maana yake hana damu kichwani wala ufa kwenye fuvu. Hiyo ni habari njema, ipokee. Ila mabega ya abiria hayaonekani kwenye picha hiyo, wala kwenye MRI ya kawaida. Mtikisiko wa ubongo hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa na kumpima mwenyewe: kumbukumbu yake, macho yake yanavyofuata kidole, shingo yake, anavyosimama kwa mguu mmoja. Picha haikukosea. Aliyewaambia "hana kitu" ndiye aliyeibebesha picha jibu ambalo haina.

Na hili la kutozimia limewadanganya wengi. Katika michezo, zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu kabisa. Wanasimama, wanajipangusa, wanaendelea. Dalili nyingine huchelewa saa kadhaa, hata siku nzima, kama yale matapishi ya usiku.

Kuhusu mseto, simlaumu matroni. Kwetu kichwa na matapishi vina jina moja tu. Lakini malaria inapimwa, na kipimo chake hakichukui nusu saa. Kilichonitia hofu niliposoma barua yako ni kwamba dalili ya kichwa kilichogongwa ilipewa dawa ya ugonjwa mwingine, kisha mtoto akaachwa alale hadi asubuhi bila mtu wa kumwangalia.

Kinachoendelea sasa kichwani mwake ni hiki. Neva inapovutika, potasiamu inamwagika nje ya seli na kalsiamu inaingia ndani. Seli inatakiwa irudishe kila kitu mahali pake, na kazi hiyo inakula sukari nyingi, tena wakati ambapo damu inayopanda ubongoni imepungua. Waliokulia pwani watanielewa upesi: ni jahazi lililopasuka ubao, mabaharia wote wako chini wanafua maji, hakuna wa kushika tanga. Kwa mbali unaliona zima, linaelea. Ukiliambia likimbie, halina watu. Binti yako anapofungua daftari la hesabu, anawaita mabaharia wapande juu. Wanapanda nusu saa, kisha maji yanazidi, kichwa kinaanza kuuma, taa inachoma, na rafiki anayemsemesha anaonekana adui. Hasira hiyo ni dalili kama ilivyo maumivu. Naomba uwaambie walimu wake hivyo hivyo, maana bwenini mtoto wa namna hii hupewa majina haraka: mvivu, mjeuri, anajidai.

Jahazi hilo likipigwa wimbi la pili ndipo penye hatari. Mwaka 2013, mjini Ottawa nchini Kanada, kulikuwa na msichana wa miaka 17, Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya shule yake. Aligongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache. Alihisi hayuko sawa. Baadaye ilionekana kwenye simu yake kwamba alikuwa ametafuta mtandaoni habari za mtikisiko wa ubongo. Akacheza tena, akaangushwa, na hakurudi nyumbani. Ubongo wa kijana ambao haujapona ukitikiswa upya unaweza kuvimba kwa kasi ambayo madaktari hawaiwahi. Ni jambo la nadra sana, mama, na sikuandikii ukose usingizi. Nakuandikia kwa kuwa wanaokumbwa nalo karibu wote ni vijana, na kinga yake haigharimu hata shilingi: ni kukaa nje. Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilitunga sheria inayobeba jina la binti huyo, ili mchezaji anayeshukiwa kutikisika ubongo atolewe papo hapo na arudi kwa utaratibu.

Na tuseme wimbi la pili halikuja. Bado golikipa aliyetikisika hawezi kuisaidia timu. Wapenzi wa mpira wanaikumbuka fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Mei 2018 mjini Kyiv. Golikipa wa Liverpool, Loris Karius, alipigwa kiwiko kichwani mwanzoni mwa kipindi cha pili. Dakika chache baadaye akarusha mpira ukamgonga Benzema wa Real Madrid ukaingia, kisha akapitishiwa mikononi shuti la mbali la Bale. Dunia nzima ilimcheka. Siku kadhaa baadaye madaktari wa Boston waliomchunguza walisema alipata mtikisiko wa ubongo katika mechi ile, na kwamba inawezekana uwezo wake wa kupima kwa macho mwendo na mahali pa vitu ulikuwa umeathirika. Mwalimu anayesema "afadhali yeye akiwa nusu kuliko mdogo akiwa mzima" ayafikirie magoli yale.

Aliokoa mipira miwili baada ya kugongwa, kwa hiyo yuko sawa? Mazoea ya mwili hubaki wakati akili imekwenda. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2014, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa usoni, akaendelea kukimbia kwa takriban robo saa, kisha akamwendea refa kumuuliza kama ile ni fainali. Refa ndiye aliyewaambia wenzake. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa pili wa kukaa na timu, nilimrudisha beki uwanjani kwa sababu alinitajia jina lake na la mama yake bila kusita. Mpira uliposimama akaja pembeni kuniuliza matokeo. Nikamwambia moja bila. Akarudi tena akauliza matokeo. Mara ya tatu nilimshika mkono nikamtoa, na mikono iliyokuwa inatetemeka ni yangu. Jina la mama halipotei kirahisi. Kinachopotea ni cha leo. Tangu siku ile nauliza hivi: Tuko uwanja gani? Hiki kipindi cha ngapi? Nani amefunga goli la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani, na tulishinda? Akikosa hata moja, anatoka. Akipata yote lakini kichwa kinauma au anaona ukungu, anatoka vilevile.

Sasa tumtibu. Hakuna kidonge cha kuponya mtikisiko wa ubongo, na ule ushauri wa zamani wa kumfungia mtoto chumba chenye giza wiki nzima tumeuacha. Wataalamu wa dunia waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kwamba mapumziko ya kupunguza mambo ni ya siku moja au mbili za mwanzo, simu na runinga zikiwa chache. Baada ya hapo mwili unaponywa na mwendo mwepesi. Kwa hiyo, ukiweza, mwombee ruhusa aje nyumbani siku nne tano. Bweni la watu wengi, kengele alfajiri na prepo hadi usiku si mahali pa kufulia maji. Alale anavyotaka usiku, asigeuze mchana kuwa usiku. Asubuhi na jioni atembee, robo saa kwanza, kisha nusu saa, mwendo wa kumtoa jasho kidogo.

Kipimo ni kichwa chenyewe. Mwambie akipe alama, sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni yasiyovumilika. Akianza matembezi akiwa na mbili, yakapanda hadi nne, kisha yakashuka ndani ya saa moja, hajakosea. Yakizidi hapo, au yakikaa hadi jioni, kesho apunguze. Fanyeni vivyo hivyo kwenye masomo: asome dakika 20, afunge daftari dakika 10, aangalie miti. Nusu saa inayomuumiza isiwe lengo, iwe ukuta anaogeukia kabla hajaufikia. Shule impunguzie mitihani kwa sasa na imkalishe mbali na dirisha lenye jua. Masomo yarudi kamili kabla ya mpira. Hapo sina mjadala na mtu.

Dawa ya maumivu iwe parasetamo, na siyo kila siku wiki hadi wiki, maana kumeza mfululizo nako huleta kichwa. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hatuzitaki siku mbili za kwanza kwa hofu ya damu. Wanaosema mtu aliyegongwa kichwa asilale kabisa wanamtesa bure: akishaonwa na daktari na hana dalili ya hatari, usingizi ni tiba, ila usiku wa kwanza alale na mtu mzima karibu. Vitunguu puani, kukanda shingo kwa nguvu na kuvuta nywele viacheni. Shingo iliyopata pigo lile inaweza kuwa na jeraha lake.

Hata leo, siku ya kumi, ukiona mojawapo ya haya mkimbize hospitali bila kusubiri asubuhi: maumivu ya kichwa yanayozidi kila saa, kutapika tena na tena, degedege, usingizi mzito ambao kumwamsha ni kazi, kuchanganyikiwa, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kufa ganzi au kulegea, maji meupe au damu kutoka puani au masikioni. Picha safi ya siku ya pili haikanushi dalili mpya.

Vijana wengi hupona ndani ya wiki nne. Wasichana, kwa tafiti nyingi, hupata mitikisiko zaidi kuliko wavulana katika michezo ile ile, na wengine hukawia kupona, kwa hiyo usimlinganishe na mvulana aliyerudi uwanjani baada ya wiki. Zikipita wiki nne na dalili zipo, usiendelee kusubiri. Aonwe na daktari anayeyajua mambo ya ubongo au ya michezo, achunguzwe shingo, macho na kizunguzungu, kwa maana mara nyingi kinachobaki kina mazoezi yake maalumu, na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kumsaidia sana. Na umsikilize pia moyo wake. Golikipa aliyekatazwa mpira hulia akiwa peke yake.

Kurudi kwake golini ni ngazi, kila ngazi isipungue siku nzima. Baada ya kutembea, akimbie polepole. Kisha kazi za golikipa akiwa peke yake: miguu ya haraka, kubadili uelekeo, kudaka mipira ya mkono wa mwenzake akiwa amesimama. Kisha mazoezi na timu bila kugusana, mashuti ya kudaka bila kujirusha. Hapo asimame hadi daktari amwone na kumruhusu kwa maandishi. Ndipo kujirusha, krosi na kona zenye watu, na mwisho mechi. Dalili ikirudi kwenye ngazi, anashuka moja.

Nikupe hesabu ya tarehe, maana ndiyo mwalimu atakayoitaka. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo isiyo ya kulipwa unasema hakuna mechi kabla ya siku ya 21 tangu kugongwa, na kabla ya mazoezi yenye hatari ya kugongwa kichwa mchezaji awe amemaliza siku 14 bila dalili yoyote akiwa amepumzika. Binti yako yuko siku ya 10 na dalili anazo. Hata zikiisha kesho asubuhi, siku ya 25 ndipo ataanza kujirusha. Mechi ni wiki ya nne, kama kila kitu kitakwenda vizuri.

Kwa mwalimu nina maneno machache, na naomba umpe barua hii aisome mwenyewe. Mwalimu wangu, najua unabeba timu bila daktari, labda na ndoo moja ya maji. Lakini uamuzi wa kumtoa aliyegongwa kichwa usiwe wako wala wa mchezaji, kwa sababu nyote wawili mnataka kushinda. Mteue mtu mmoja kabla ya mechi, matroni, mwalimu wa biolojia, mzazi, mwenye neno la mwisho. Akisema atoke, hakuna rufaa. Karatasi ya kutambua mtikisiko wa ubongo kwa wasio madaktari ipo, ni ya ukurasa mmoja au miwili, inabandikika ndani ya kisanduku cha huduma ya kwanza. Tangu 2024 kanuni za mpira wa miguu zinaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada kwa aliyetikisika ubongo. Waulizeni waandaaji walitumie.

Wafundishe makipa kupaa goti moja likiwa limenyanyuliwa mbele, na kuita "Langu!" kwa sauti ya kusikika hadi katikati ya uwanja, kwa maana migongano mingi huanzia kwa watu wawili wanaoutazama mpira mmoja wakiwa kimya. Imarisha shingo zao. Mipira isijazwe upepo hadi iwe jiwe. Milingoti ifungwe chini isipinduke, mawe ya eneo la golini yaokotwe kabla ya mazoezi. Kofia na vitambaa vya kichwani huzuia michubuko, na kofia ya golikipa Petr Čech ilikuwa kwa ajili ya fuvu lililovunjika mwaka 2006. Abiria wa ndani ya daladala haviwashiki. Kinachosaidia kuliko vifaa ni refa mkali. Mwaka 2006 waamuzi waliagizwa kutoa kadi nyekundu kwa kiwiko cha makusudi kichwani, na katika ligi kuu ya Ujerumani majeraha ya kichwa yalipungua kwa takriban asilimia 29. Straika aliyeingia na goti juu ya golikipa aliyelala na mpira anatakiwa aonyeshwe kadi hata kama hajafunga.

Na huyo golikipa wa kidato cha kwanza, leo hii ndiye mwenye hofu kuliko wote. Binti yako amewatazama mastraika wa mkoa huo misimu miwili. Anajua nani anapiga kwa kushoto, nani anapenda kuchelewesha. Jioni moja kabla ya Jumamosi akae naye kivulini, dakika 20, kisha apumzike. Siku ya mechi umlete na kofia ya jua, nguo za nyumbani, mkae mbali na ngoma. Kelele zikimzidi, muondoke kipindi cha pili kabla hakijaanza.